Gogo la Saverio

Tangu asubuhi Loredana alikuwa hakai wala hasimami. Alifagia jikoni palipokwisha kufagiwa, akapanga upya vikombe ambavyo havikuwa na kosa lolote, akavaa gauni la bluu, akalivua, akavaa la kijani, akalirudia la bluu. Bibi yake, mama mzaa baba, ambaye kijiji kizima kilimwita Bibi Peppa, alikuwa ameketi kando ya meko akimenya vitunguu. Alimtazama akipita na ufagio kwa mara nyingine, akamwambia kwamba huyo mwanamume wa Torino akichelewa kidogo tu atakuta nyumba haina sakafu.

Loredana alicheka, na hata kucheka kwenyewe kulikuwa kwa haraka haraka. Leo Tullio anakuja. Wiki nzima! Siku zote za mavuno ya zabibu angekuwa hapa, kwenye kilima hiki, akila mkate wa mama yake na kunywa divai ya baba yake. Kila alipolifikiria hilo alirudi kushika ufagio.

Huko Torino, mji wa kaskazini alikokwenda kushona mashati na kuishi kwa shangazi yake, Tullio alikuwa dereva wa tramu. Njia yake ilipita chini ya dirisha la chumba cha ushonaji. Mwanzo aligonga kengele pale kama dereva yeyote anayekaribia kituo. Kisha akawa anagonga mara mbili. Kisha wasichana wote wa chumba kile wakajua kwamba kengele ya pili ni ya Loredana, na sindano zikawa zinasimama, na vicheko vinaanza, naye anainua macho na kukuta macho ya kijivu yanamtazama kutoka nyuma ya kioo. Mtazamo wenyewe haukuzidi muda wa tramu kupita. Lakini we acha tu, ulimtosha hadi jioni.

Loredana aliporudi kijijini, baba yake, Mzee Rocco, alisikia habari hizo akakataa. Alikataa majira yote ya joto. Hakupiga kelele; alisema tu kwamba binti yake hataolewa na mtu ambaye yeye hajui hata mlango wa kwao umeelekea wapi. Aliyembadilisha ni mke wake, Vittoria. Mama Vittoria hakuwa mwanamke wa kugombana. Yeye akitaka jambo lake alisahau chumvi. Tambi zilikuja mezani hazina chumvi, maharage hayana chumvi, hata supu, na mzee akiuliza anajibiwa kwa upole kwamba uzee unaingia, kumbukumbu zinapotea. Ilipofika mwisho wa mwezi wa nane Mzee Rocco aliweka kijiko chini akasema haya, aje. Wiki moja. Atachuma zabibu kama watu wengine, atalala juu ya zizi la nyumbu, na yeye atamtazama. Siku ile mchuzi ulikolea.

Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kimekaa sawa, na kingebaki sawa, kama asubuhi ile ile mbwa asingebweka.

Mzee Rocco alifungua mlango na fulana yake ya ndani, akaangalia chini. Mama Vittoria akaja nyuma yake, naye akaangalia. Loredana alichungulia katikati ya mabega yao akaona gogo. Gogo la mzeituni, zito, limeondolewa magome na kusafishwa vizuri, limelazwa juu ya kizingiti toka upande huu hadi ule.

Hakuna aliyeuliza ni nini. Katika vilima vile vya Kalabria, kusini mwa Italia, kijana hasemi kitu, gogo ndilo linalosema. Wenye nyumba wakiliingiza ndani na kuliweka mekoni, binti ameposwa na yamekwisha. Wakilisukuma kwa mguu likaviringika mteremkoni mpaka barabarani, kijana aende akaokote gogo lake atafute mlango mwingine. Ni mambo ya wazee, na wengi walidhani yamekufa tangu redio zilipoingia. Lakini palikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwa na habari na redio, na mtu huyo alikuwa Saverio.

Saverio alikuwa jirani. Mizabibu yake ilianza pale mizabibu ya Mzee Rocco ilipoishia. Na ubaya wa Saverio ni kwamba hakuwa na ubaya. Hanywi akapitiliza, hagombani na mtu, mama yake anamheshimu, na jembe analijua. Laiti angekuwa mlevi, Loredana aliwaza, leo ningekuwa na la kusema. Bila shaka alisikia kwamba kuna mgeni anakuja kutoka kaskazini, akaona amtangulie.

"Lisiguswe," Mzee Rocco alisema. "Si kwa mkono, si kwa mguu. Nilitoa neno kwamba nitamtazama huyo wa tramu, nitamtazama. Na huyu wa gogo, marehemu baba yake alikuwa rafiki yangu. Jumapili baada ya misa nitaamua. Mpaka hapo lilale hapo hapo."

Basi ikawa ni kuruka. Mama Vittoria aliruka na ndoo ya maji. Kuku waliruka. Bibi Peppa, ambaye magoti yake hayakuwa na ruhusa ya kuruka chochote, ilibidi mwanawe ambebe kumvusha kwenda msalani na kumvusha kurudi, naye njia nzima alikuwa anamsema Saverio, mababu wa Saverio, na mzeituni wenyewe.

Loredana aliomba aende kituo cha basi kumpokea mgeni. Baba yake alimtazama kana kwamba ameomba kwenda mwezini. Binti wa watu akasimame barabarani anangojea mwanamume, na kijiji kinaona? Akae jikoni. Mgeni ana miguu, na njia ya kuja ni moja.

Lakini mchana basi lilipopiga honi chini kule kwenye kona, Mzee Rocco alikuwa ndani ya ghala anaosha mapipa, na hakuna msichana ambaye angeweza kukaa jikoni. Alipanda ngazi mbili mbili mpaka chumba cha juu, akafungua dirisha polepole lisilie, akaegemea.

Alimwona. Alikuwa anapanda njia ya mawe, koti ameliweka begani, sanduku la mbao mkononi, nywele zimemlala kwa jasho na vumbi la safari. Siku zote Loredana alikuwa amemwona ndani ya sare, au jioni na tai shingoni wakitembea kando ya mto huku shangazi anawafuata nyuma hatua chache. Sasa alikuwa anamwona katikati ya mizabibu ya kwao, miguu yake inakanyaga mawe ambayo Loredana aliyachezea utotoni, na moyo ulimdunda mpaka akashika ukingo wa dirisha. Ni mzuri, aliwaza. Mungu wangu, hata hapa ni mzuri.

Tullio aliinua macho akamwona. Alisimama. Alitabasamu kwanza kwa macho, kisha uso mzima, kisha akainua mkono akavuta kamba ya kengele isiyokuwapo, mara mbili.

Loredana aliweka kiganja mdomoni asije akapiga kelele ya furaha. Na hapo ndipo Tullio alipoufikia mlango na kuliona gogo.

Alilitazama. Alitazama kizingiti. Mtu aliyelelewa vizuri akikuta gogo zuri la kuni limeachwa mlangoni, mahali pa kumkwaza mama wa watu, atafanya nini? Aliweka sanduku chini, akalishika gogo kwa mkono mmoja kulipima uzito, akainua tena macho dirishani, akauliza kwa nyusi: niliingize?

Kuita hakuwezekani, baba yuko ghalani chini yake. Loredana akajibu kwa kichwa. Alirusha kichwa nyuma, kidevu juu, akapiga ulimi kwenye meno.

Kwao hiyo ni hapana. Ni hapana ya mwisho, hapana isiyo na mjadala. Hata mtoto anayenyonya anaijua. Lakini watu wa Torino wakikataa hutikisa kichwa huku na huku, na Loredana alipofika kule mara ya kwanza alichekwa sana kwa kidevu chake, mpaka akajizoeza kutikisa kama wao. Miaka miwili alitikisa. Leo moyo ulipomdunda, shingo ilirudi kwao.

Tullio aliona mpenzi wake anainua kidevu juu, juu, na akaelewa kama ambavyo mtu yeyote wa Torino angeelewa. Inua. Akainama akalibeba gogo begani, akaokota sanduku lake, akaingia nalo ndani.

"Hodi!" Loredana alimsikia kutoka juu, sauti imejaa furaha.

Alishuka ngazi sijui kwa miguu sijui kwa mbawa. Alikuta Mama Vittoria ameshika kijiko hewani. Alikuta Bibi Peppa kitunguu kimemtoka mkononi. Hakuna aliyesema karibu. Na Tullio, akidhani ukimya ule ni haya ya watu wa shamba, alikuwa amepita moja kwa moja mpaka mekoni, akaliweka gogo katikati ya moto kwa uangalifu, akalisogeza kidogo likae vizuri, akapangusa mikono. Kisha akageuka akatabasamu.

"Lilikuwa linaziba njia, mama," alisema.

Kabla mama hajapata la kujibu, mlio wa bunduki ulipasuka upande wa pili wa mizabibu. Tullio alishtuka akajishika kifua. Ukafuata mwingine, na sauti za wanawake zikishangilia.

"Huyo ni mama yake Saverio," Bibi Peppa alisema. "Tangu asubuhi hajatoa macho kwenye mlango wetu. Basi mjukuu wangu umeposwa na Saverio, na posa yako imeingizwa na mpenzi wako mwenyewe. Mimi nimeishi nikaona mengi, hili sikuwa nimeliona."

Tullio alitazama uso huu, akatazama ule. Loredana alimweleza, maneno yakipandana: gogo ni la nani, linasema nini, na kuliingiza ndani maana yake nini. Alimwona anabadilika rangi. Aligeuka haraka kulitoa, mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye moto, lakini sauti ikamzuia.

"Usiguse." Mzee Rocco alikuwa amesimama kwenye mlango wa ghala, mikono inachuruzika maji. "Umeshagusa vya kutosha. Nani alikwambia uliingize?"

Tullio alimtazama Loredana kidogo tu, kisha akatazama chini. "Mimi mwenyewe, mzee. Nilidhani ni kuni."

"Si kweli, baba," Loredana alisema. "Ni mimi. Nilikuwa dirishani. Aliniuliza, nikamkatalia kwa kichwa, hivi. Kwao hivi si kukataa. Yeye aliona namwambia inua."

Bibi Peppa alianza kucheka. Alijaribu kujizuia kwa aproni, ikashindikana. Mwanawe alimtazama kwa hasira, na yeye akazidi.

Lakini nje hapakuwa na kicheko. Saverio alikuwa ameshatokea kwenye njia ya mizabibu, kofia mpya kichwani, chupa mkononi, anatembea haraka kama mtu anayeogopa furaha itapoa. Nyuma yake kwa mbali mama yake alikuwa anafunga kitambaa vizuri. Wakifika mlangoni, wakipewa viti, wakimiminiwa, jambo limekwisha. Hakuna mzee katika vilima vile aliyewahi kulitoa gogo baada ya kulinywea.

Loredana alimtazama baba yake. Alikuwa hajasogea. Ilimjia kwamba hatasogea. Atasimama pale pale, aache mambo yajimalize yenyewe, maana yanajimaliza upande ule anaoupenda.

"Baba, litoe."

"Limeingia."

"Limeingizwa na mtu asiyejua."

"Saverio ni mtu mwema," baba yake alisema taratibu. Na kisha likamtoka lile ambalo majira yote ya joto hakulisema, hata tambi zilipokuwa hazina chumvi. "Ukiwa kwa Saverio, nikisimama hapa mlangoni nikakuita, unasikia. Ndugu yako nilimpakia meli akatafute kazi ng'ambo, nikaambiwa ni miaka mitatu tu. Huu ni wa kumi. Huko Torino nikikuita, nani atasikia?"

Loredana alikuwa amejiandaa kwa baba mkali; kwa huyu hakuwa amejiandaa.

"Mimi nasikia," alisema. "Miaka yote miwili nakusikia, baba. Nikichelewa kuamka nakusikia. Nikishona vibaya nakusikia. Kama humtaki Tullio, sema humtaki kwa tabia yake, nami nitanyamaza. Lakini usinioze kwa sababu ya urefu wa reli."

Nje viatu vya Saverio vilikuwa vimeanza kugonga mawe.

Loredana akatwaa koleo la moto. Gogo lilikuwa limeshika moto upande mmoja, linafuka. Alilivuta likaanguka sakafuni na cheche zake, Mama Vittoria akaruka kando, na kwa koleo na kwa kiatu alilisukuma juu ya sakafu ya jikoni aliyoifagia tangu asubuhi, likapita kwenye kizingiti, likafika ukingoni mwa mteremko. Hapo alisimama. Kazi ile ni ya baba mwenye nyumba. Mwanamke hajawahi kuifanya, wala binti mwenyewe anayeposwa. Alivuta pumzi, akaweka mguu, akasukuma.

Gogo la mzeituni likaanza kuviringika. Lilikwenda polepole, kisha likakumbuka uzito wake, likashuka njia ya mawe linarukaruka na kuacha moshi nyuma, na Saverio aliyekuwa anapanda ilibidi aruke kwenye mizabibu na chupa yake. Kofia ilianguka. Gogo likampita, likampita mama yake, likafika barabarani na kutulia.

Saverio alitoka kwenye majani polepole. Aliokota kofia, akaipangusa, akamtazama Loredana.

"Ungeniambia tu," alisema. "Nisingekasirika."

"Ulileta gogo, Saverio. Hukuniuliza mimi."

Alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa. Akaivaa kofia, akageuka, akashuka. Njiani alimshika mama yake mkono, maana yule mama alikuwa ameanza kusema maneno ambayo majirani hawapaswi kuambiana. Loredana alimwonea huruma, kweli kabisa. Lakini chini ya ile huruma kulikuwa na furaha tupu.

Haikudumu. Aliporudi ndani baba yake alikuwa anavaa kofia yake ya kazi, na uso wake umefungwa.

"Binti yangu amefanya kazi yangu mbele ya watu," alisema, hamtazami mtu. "Kijana, basi la kurudi linapita saa kumi. Wiki yako imekwisha."

Tullio akasema tu ndiyo mzee, akamshukuru Mama Vittoria kwa ukarimu ambao hata maji yake alikuwa hajayanywa, akamuaga Bibi Peppa. Mbele ya Loredana alisimama. Hawakugusana, baba alikuwa pale. Alimtazama kama alivyokuwa akimtazama kutoka nyuma ya kioo cha tramu, ila safari hii hapakuwa na kioo, na macho ya kijivu yalikuwa yamejaa maji.

"Umelisukuma vizuri," alimwambia kwa sauti ya chini.

Akatoka.

Loredana alipanda juu. Hakulia. Alikaa dirishani amekumbatia magoti, akamwangalia anavyoshuka njia ya mawe na sanduku lake, anakuwa mdogo, anafika barabarani, anasimama karibu na gogo ambalo lilikuwa bado linafuka. Akalitazama sana. Kutoka jikoni Loredana alimsikia Bibi Peppa akimwambia mwanawe kwamba marehemu baba yake pia alikuwa na kichwa cha nyumbu, lakini angalau nyumbu yule alijua njia ya kurudi nyumbani. Mzee Rocco alikuwa ameketi na kofia kichwani, haendi ghalani wala haendi shambani.

Honi ya basi ililia kwenye kona. Loredana alifumba macho. Alisikia basi likisimama, mlango ukifunguka, mlango ukifungwa, mashine ikivuta kupanda kilima cha pili. Akangoja mpaka mlio uishe kabisa ndipo akafumbua.

Tullio alikuwa anapanda njia ya mawe.

Alikuwa anapanda taratibu, jua la alasiri linampiga usoni, na macho yake hayakuinuka dirishani hata mara moja. Alifika mbele ya nyumba. Akainama, akalilaza sanduku lake juu ya kizingiti, toka upande huu hadi ule, akalinyoosha likae sawa. Kisha akarudi nyuma, akaketi kwenye ukuta wa kisima, akaweka mikono magotini.

Mbwa akabweka.

Loredana alishuka lakini hakuthubutu kufika mlangoni; alisimama kwenye ngazi ya mwisho, roho mkononi. Mzee Rocco alikuwa ameshafungua. Alisimama akaangalia chini, kama alivyoangalia asubuhi.

"Hiki ni nini?"

Tullio aliinuka. "Mzee, mimi sina mti. Nimezaliwa ghorofa ya nne. Cha mbao nilichonacho duniani ni hilo sanduku, alilichonga baba yangu kabla hajafa. Nimeuliza moyo wangu nikaona siwezi kuondoka bila kuuliza mlango huu kwa njia yenu." Akameza mate. "Nikijibiwa nitaelewa. Jibu la hapa nimeshaliona linavyoshuka."

Mama Vittoria alimshika Loredana mkono. Bibi Peppa alinyoosha shingo yote.

Mzee Rocco aliinua mguu. Loredana alikiona kiatu cha baba yake, kile kizito cha shambani, kikigusa ubavu wa sanduku. Kikasukuma. Sanduku lilikwaruza jiwe, likasogea kiasi cha kiganja, likakaa. Akasukuma tena. Likasogea, likakaa.

"Haliviringiki," alisema.

Mzee alijikuna shingo. Alitazama upande wa mizabibu ya Saverio, kisha akatazama mbali zaidi, chini kule reli inapopita kando ya bahari, akatazama kwa muda mrefu. Alipogeuka alimwangalia kijana wa tramu machoni.

"Wewe. Kwenu huko mtu akikufanyia hivi," akarusha kichwa nyuma, kidevu juu, akapiga ulimi kwenye meno, "maana yake nini?"

Loredana alishika ukuta wa ngazi. Ile ilikuwa hapana ya kwao, hapana ya mwisho, na ilikuwa imetoka kwa baba yake mzima mzima. Tullio naye sasa alikuwa anaijua. Uso wake ulimwanguka. Lakini aliulizwa, na alilelewa vizuri, akajibu kweli.

"Kwetu maana yake inua, mzee."

"Inua," Mzee Rocco alirudia, kama mtu anayeonja neno.

Akainama, mkono mmoja kiunoni kwa sababu ya mgongo, akalishika sanduku, akaliinua. Akapita nalo mbele ya mkewe, mbele ya mama yake, mbele ya Loredana aliyekuwa ameshika mdomo kwa mikono yote miwili. Hakulipeleka juu ya zizi. Aliliweka chini kando ya meko, pale pale gogo lilipokuwa, akalisogeza kidogo likae vizuri.

"Vittoria," alisema bila kugeuka, "mkumbushe huyo kijana kwamba mtu akipiga hodi hukaribishwa, sisi tulisahau. Na usiku huu chumvi iwepo."